Maswali ya Wasafiri: Kutoka Uwanja wa Ndege Hadi Hotelini kwa Nauli Nafuu

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja: tikiti ya ndege imeshakatwa, hoteli imeshalipiwa, lakini kile kipande cha katikati hakuna aliyekifikiria. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu mtu hufanya uamuzi akiwa amechoka, ana mizigo na simu haina bando. Tumechagua maswali yanayowahusu wengi.

SWALI: Nasafiri peke yangu na begi moja, mara ya kwanza kwenda nje. Shemeji anasema nipande treni, rafiki yangu anasema teksi. Ipi ni nafuu kweli? — Mgeni wa Ndege

JIBU: Kwa mtu mmoja mwenye begi moja, usafiri wa umma huishinda teksi karibu kila mahali, mradi unafika mchana na hoteli iko karibu na kituo. Masharti hayo mawili usiyapuuze. Watu hulinganisha tikiti ya treni na nauli ya teksi, wakasahau kwamba teksi inakushusha mlangoni na treni inakuacha stesheni. Piga hesabu ya mlango kwa mlango: tikiti mara idadi ya watu, jumlisha tozo ya kituo cha uwanjani kama ipo, jumlisha na kipande cha mwisho hadi hotelini.

Tuseme, kwa fedha yoyote ile, teksi kutoka uwanjani ni 100, tikiti ya treni ni 20, na teksi fupi kutoka stesheni ni 15. Ukiwa peke yako unalipa 35. Mkiwa wawili ni 55, watatu 75. Mkifika wanne ni 95, na hapo mmepandisha na kushusha mabegi ngazi kwa ngazi ili kuokoa 5 tu. Ndiyo maana shemeji na rafiki yako wanaweza kuwa na haki wote wawili: huenda mmoja husafiri peke yake, mwingine na familia.

Kipande cha mwisho kipime kwa miguu, si kwa macho. Fungua ramani ya simu, weka kituo na hoteli, chagua njia ya mtembea kwa miguu. Mita 700 kwenye barabara tambarare si kitu. Mita 700 za kupanda mlima juu ya mawe, ukivuta begi la kilo 23, ni habari nyingine, na ni kawaida gurudumu kung'oka huko. Tovuti za hoteli nazo hupenda kuandika umbali wa mstari ulionyooka, kama ndege anavyoruka. Hoteli "iliyo kilomita 2 kutoka uwanjani" inaweza kuwa ng'ambo ya njia ya kurukia ndege, na barabara ya kuifikia ikazunguka kilomita 9.

SWALI: Nimepata tikiti rahisi sana, lakini jina la uwanja silifahamu. Kuna shida? — Mpenda Punguzo

JIBU: Inawezekana. Angalia herufi tatu za uwanja kwenye tikiti kabla ya kulipa. Miji mikubwa ina viwanja kadhaa, na vingine ni vya mji huo kwa jina tu. Uwanja wa Beauvais (BVA), unaouzwa kama Paris, uko kilomita 85 hivi kutoka Paris. Frankfurt-Hahn (HHN) uko takriban kilomita 120 kutoka Frankfurt. Tokyo ina Haneda (HND), kama kilomita 15 kutoka katikati ya mji, na Narita (NRT), yapata kilomita 60. Ukishuka Narita ukadhani uko Haneda, nauli ya teksi itakutoa jasho.

Viwanja vya mbali namna hiyo huwa na basi linalopangwa kufuata ratiba ya ndege, na mara nyingi ndilo chaguo pekee la maana. Tikiti yake iongeze kwenye bei ya ndege, kwenda na kurudi, kisha ndiyo ulinganishe na ile ndege uliyoiona ghali.

Kagua pia jengo la abiria utakaloshukia. Pale Dubai, metro ya mstari mwekundu inafika Terminal 1 na Terminal 3, lakini Terminal 2 haina kituo. Mtu aliyesoma tu kwamba "uwanja una metro" anaweza kutoka nje akaikosa.

SWALI: Uwanja ninaokwenda una treni ya haraka inayotangazwa kila kona, na treni ya kawaida isiyotajwa. Tofauti ni nini hasa? — Msomaji wa Siku Nyingi

JIBU: Tofauti kubwa ni bei, na mara nyingi dakika unazookoa ni chache kuliko unavyodhani. Mfano mzuri ni Vienna. Treni ya haraka ya uwanjani inafika kituo cha Wien Mitte kwa dakika 16 bila kusimama. Treni ya kawaida, S7, inafika kituo hichohicho kwa dakika 25 hivi, kwa chini ya nusu ya bei. Dakika tisa! Muda huo utaupoteza kwenye foleni ya mashine ya tikiti.

London nako ni vivyo hivyo. Heathrow Express, treni ya haraka ya uwanja wa Heathrow, inakimbia hadi kituo cha Paddington kwa dakika 15 na inaishia hapo. Treni ya kawaida, Elizabeth line, iliyofunguliwa mwaka 2022, inachukua karibu nusu saa hadi Paddington, lakini haiishii hapo: inaendelea hadi Tottenham Court Road na Liverpool Street. Kama hoteli yako iko upande huo, treni ya polepole inaweza kukufikisha mapema kuliko ya haraka, kwa sababu hubadilishi treni. Treni ya chini ya ardhi, Piccadilly line, ni ya polepole zaidi na ndiyo nafuu kuliko zote.

Lakini usidhani ya bei ndogo daima inakwenda kulekule. Roma kuna treni ya haraka, Leonardo Express, kutoka uwanja wa Fiumicino moja kwa moja hadi kituo kikuu cha Termini kwa dakika 32. Treni ya mkoa, FL1, ni ya bei ndogo, ila haifiki Termini kabisa: inapita Trastevere, Ostiense na Tiburtina. Mwenye hoteli Trastevere atafurahi. Mwenye hoteli jirani na Termini atabadilisha usafiri njiani na kujiuliza akiba imekwenda wapi. Kwa hiyo anza na ramani ya hoteli, tafuta kituo kilicho karibu nayo, kisha rudi nyuma kuona ni treni gani inapita hapo.

Kuna na tozo iliyojificha. Viwanja kadhaa hutoza ada ya kuingia au kutoka kwenye kituo cha uwanjani, juu ya nauli. Sydney hufanya hivyo kwenye vituo viwili vya uwanjani, na wanaojua huchukua basi la kawaida hadi kituo cha jirani cha Mascot, ambako ada hiyo haipo. Stockholm, kwa miaka mingi, wenye kubana matumizi wamepanda basi namba 583 kutoka uwanja wa Arlanda hadi kituo cha Märsta na kuunganisha treni ya mji hapo. New York, AirTrain, treni ndogo ya uwanja wa JFK, ni bure ukizunguka kati ya majengo ya uwanja, lakini ukitokea kituo cha Jamaica au cha Howard Beach unalipia, na treni ya mjini unailipia tena peke yake. Ujanja wa kituo cha jirani unafaa kwa mtu mmoja mwenye begi jepesi. Ukiwa na masanduku mawili na mvua inanyesha, lipa ada, pumzika.

Mambo mawili huwaletea watu faini au makato ya bure. Kwanza, tikiti ya karatasi ya treni za mikoa za Italia lazima igongwe muhuri kwenye kimashine kilichopo kituoni kabla ya kupanda, kwani bila muhuri ni kama hujanunua. Pili, mahali unapolipa kwa kugusisha kadi ya benki getini, gusisha kitu kilekile ukiingia na ukitoka. London, ukiingia kwa kadi ya plastiki ukatoka kwa simu yenye kadi hiyohiyo, mfumo unaona abiria wawili ambao safari zao hazikukamilika, na unakata nauli ya juu kabisa mara mbili. Na kila mtu awe na kadi yake, kwa kuwa mume na mke hawawezi kupita kwa kadi moja.

SWALI: Ndege yangu inatua 00:30 tarehe 15. Nimeagiza gari la kunipokea tarehe 15 saa 6:30 na hoteli kuanzia tarehe 15. Niko sawa? — Mwenye Wasiwasi

JIBU: La, hauko sawa, tena mara mbili. Afadhali umeuliza mapema.

00:30 ya tarehe 15 ni saa sita na nusu ya usiku wa tarehe 14 kuamkia tarehe 15. Fomu za mtandaoni zinatumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Ukiandika 6:30 kwa sababu kwetu ni saa sita na nusu, dereva atafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati wewe umeshaganda uwanjani saa sita nzima. Andika 00:30, tarehe 15. Na hoteli iwe kuanzia tarehe 14, kwa sababu chumba cha tarehe 15 hufunguliwa mchana wake. Halafu waandikie hoteli kwamba utaingia usiku mkubwa, ili wasikuhesabu kuwa hukutokea na kumpa mwingine chumba.

Kampuni ikikuomba namba ya ndege, weka saa ileile ya kutua iliyo kwenye tikiti. Wao watafuatilia ndege yenyewe na ikichelewa watajua. Kama hawaombi namba ya ndege, hiyo ni dalili kwamba hakuna anayefuatilia. Hapo panga saa ya kuchukuliwa iwe dakika 60 baada ya kutua kama una mzigo wa chini na utapita uhamiaji, dakika 30 kama una begi la mkononi tu na safari ni ya ndani ya nchi. Uliza dakika za kusubiri bure zinahesabiwa tangu lini: tangu ndege ilipotua kweli, au tangu saa uliyoandika? Tofauti ya hapo ndiyo huzaa bili ya "muda wa ziada" usiyoitarajia.

Kwa anayetaka usafiri wa umma usiku, usiangalie tu saa ya treni ya mwisho. Rudi nyuma kutoka saa hiyo. Ndege ikigusa ardhi, kuna dakika 10 hadi 20 za kutembea nayo hadi langoni na milango kufunguliwa, kuna foleni ya uhamiaji ambayo inaweza kuwa dakika 10 au saa nzima, kuna mkanda wa mizigo. Kama kati ya saa ya kutua na treni ya mwisho kuna chini ya dakika 90 na wewe ni abiria wa kimataifa, hesabu kwamba treni hiyo umeikosa na uwe na mpango wa pili. Angalia na siku: ratiba ya Jumapili na sikukuu huwa fupi. Miji mingi ina basi la usiku linalochukua nafasi ya treni, lakini mara nyingi linasimama sehemu nyingine kabisa ya uwanja, na kibao chake huwezi kukiona kirahisi gizani.

SWALI: Nitatumia teksi, liwalo na liwe. Nawezaje kuepuka kupigwa? — Baba wa Mabegi

JIBU: Sehemu kubwa ya kupigwa hutokea kabla hujaingia kwenye gari. Anayekufuata ndani ya ukumbi akisema "teksi, teksi, bei nzuri" ni mpiga debe, na kamisheni yake iko ndani ya nauli yako. Dereva mwenye haki ya kupakia hapo hana sababu ya kuacha gari lake na kuja kukuvutia begi. Mpite, fuata vibao hadi kwenye foleni rasmi, hata kama ni ndefu. Foleni ya teksi husogea haraka.

Kabla ya safari, tafuta kama mji una nauli maalumu ya uwanjani. Paris ina nauli mbili zisizobadilika kutoka kila kimoja cha viwanja vyake vya Charles de Gaulle na Orly, kutegemea hoteli iko ukingo gani wa mto Seine. Roma ina nauli maalumu hadi ndani ya kuta za kale za Aurelian. Madrid inayo hadi ndani ya barabara ya mzunguko ya M-30. New York inayo kati ya JFK na Manhattan, ila juu yake huongezwa tozo za barabara na ada nyingine. Jambo la kushika ni mpaka: hoteli ikiwa mtaa mmoja tu nje ya eneo hilo, nauli maalumu haikuhusu. Angalia kwenye ramani hoteli yako iko upande gani wa mstari, kisha mwoneshe dereva.

Pasipo nauli maalumu, mita ndiyo shahidi wako. Sema "mita" kabla begi halijaingia kwenye buti, maana likishaingia, nguvu ya kujadili imeingia nalo. Akisema mita imeharibika, chukua gari linalofuata. Pale ambapo bei ni ya kupatana, patana mambo manne kwa sentensi moja: bei hii ni ya gari zima, si ya kila mtu, mizigo imo, tozo za barabara zimo, na ni kwa fedha ya nchi hii. Lile la mwisho wengi hulisahau. "Hamsini" ya dereva na "hamsini" yako zinaweza kuwa za sarafu mbili tofauti. Mkishapatana, andika tarakimu kwenye simu, mwoneshe, akubali kwa kichwa.

Viwanja vya India vina madirisha ya teksi za kulipia kabla, na utaratibu huo upo katika nchi nyingine pia. Unataja mtaa, unalipa dirishani, unapewa karatasi. Karatasi hiyo ndiyo malipo ya dereva: akiirudisha ndipo anapata fedha yake. Ataiomba mwanzoni, kwa upole au kwa ukali. Usimpe mpaka umesimama mbele ya hoteli na begi liko mkononi. Ukimpa mapema, anaweza kukushusha anapotaka, maana hana anachokudai.

Hila za njiani ziko chache na zinajirudia. Ya kwanza, "hoteli yako imefungwa, nakupeleka nyingine nzuri". Jibu ni kupiga simu hotelini hapohapo, kwa hiyo namba yao iwe kwenye simu yako. Ya pili, kuzungushwa. Fungua ramani uliyopakua kabla, iache iongee kwa sauti, na mara nyingi njia itanyooka yenyewe. Ya tatu ni ya noti: unatoa noti kubwa, anageuka sekunde moja, anakuonesha noti ndogo na kudai ndiyo uliyompa. Mpe fedha huku ukitaja kiasi kwa sauti, noti moja moja, na ukiwa na chenji kamili hila hii haina pa kushika. Ya nne ni mashine ya kadi inayoharibika mwisho wa safari. Kama huna taslimu, uliza mwanzoni kama kadi inapokelewa. Na mashine ikikuuliza ulipe kwa fedha ya nchi unakotoka au ya nchi ulipo, chagua ya nchi ulipo. Ukichagua ya kwako, wao ndio wanaopanga kiwango cha kubadilishia, na hawakipangi kwa faida yako.

Begi dogo lenye pasipoti lipakate, lisiende kwenye buti.

SWALI: Programu za kuita gari kwa simu si ndizo nafuu zaidi siku hizi? — Kijana wa Mtandao

JIBU: Mara nyingi ndiyo, lakini si kila saa. Bei yake hupanda pale ndege nne zinapotua pamoja, mvua inaponyesha au treni ya mwisho inapoondoka, na hapo teksi yenye nauli isiyobadilika inaweza kuwa nafuu kuliko gari la programu. Fungua bei mbili kabla ya kuamua. Ikiwa bei imepanda, dakika 20 za kunywa maji ukumbini zinaweza kuishusha.

Kinachowakwamisha wengi ni usajili. Programu hutuma namba za siri kwa ujumbe mfupi kwenye laini yako ya nyumbani. Ukisubiri kujisajili ukiwa uwanjani na laini hiyo imezimwa au haipokei ujumbe nje ya nchi, umekwama. Sakinisha, jisajili na unganisha kadi wiki moja kabla, na hakikisha programu hiyo inafanya kazi kwenye nchi unayokwenda, kwani miji mingine ina programu zake.

Usiite gari ukiwa bado kwenye foleni ya uhamiaji. Dereva akisubiri dakika kadhaa, saa ya malipo inaanza kuhesabu au safari inafutwa na unakatwa ada. Ita ukiwa umeshika begi na umeshasoma kibao cha mahali pa kuchukuliwa. Viwanja vingi haviruhusu magari hayo mbele ya mlango: huwekwa ghorofa ya maegesho au jengo la pembeni, na kutembea huko kunaweza kuchukua dakika 10. Likifika, linganisha namba ya gari kwanza, sura ya dereva pili. Usimwambie jina lako, muulize, "Umemfuata nani?" Akikuomba ufute safari umlipe mkononi, kataa, kwa sababu safari iliyofutwa haina rekodi, na ukisahau simu kwenye kiti hakuna wa kumuuliza.

SWALI: Tuko watu wazima wawili, watoto watatu na masanduku manne. Je, basi dogo la kuchangia na abiria wengine litatufaa? — Mama Watatu

JIBU: Mama, hilo waachie wanaosafiri peke yao. Basi la kuchangia hutoza kwa kichwa, husubiri lijae, kisha huzunguka hoteli moja baada ya nyingine. Ninyi mkiwa watano mnalipa karibu sawa na gari zima, na bado mnaweza kuwa wa mwisho kushushwa, watoto wamelala mikononi.

Agiza gari kubwa la watu 6 au 7 kabla ya safari, na soma mstari wa mizigo, si wa abiria peke yake. Gari dogo linaloandikwa "abiria 4" kwa kawaida linabeba masanduku 2 makubwa na mabegi 2 madogo. Katika nchi ambako teksi zinatumia gesi, mtungi hukaa ndani ya buti na kula nusu ya nafasi. Hata gari la viti 7, viti vya nyuma vikiinuliwa vyote, hubakiwa na nafasi finyu ya masanduku. Andika kwenye oda: watu wazima 2, watoto 3 na umri wao, masanduku makubwa 4. Viti vya watoto viombe kwa maandishi na uulize kama vinalipiwa. Ukiletewa gari dogo kuliko uliloagiza, maandishi hayo ndiyo yatakayokusaidia kudai.

Usiitupe treni kabla ya kuuliza nauli za watoto, maana sehemu nyingi wadogo hupanda bure au kwa nusu, na hesabu yetu ya juu inabadilika. Kama kituo kina lifti na hoteli iko karibu, inaweza kuwapendeza watoto kuliko gari kwenye foleni.

SWALI: Hoteli imeandika "usafiri wa uwanjani upo". Ni bure? — Msomaji

JIBU: "Upo" si "bure". Waandikie uliza: unalipiwa au la, ni kwa mtu au kwa gari, unapita saa ngapi hadi saa ngapi, unasimama wapi hasa, na je, unakuja wenyewe au mpaka upige simu? Hoteli za kando ya uwanja huwa na basi la bure la kila nusu saa hivi ambalo hukoma usiku. Hoteli za mjini mara nyingi hukodi gari la mtu mwingine na kuongeza chao juu, kwa hiyo linganisha na teksi kabla ya kukubali. Kwa anayefika usiku wa manane, nyongeza hiyo inaweza kuwa halali yake.

SWALI: Nibadilishe fedha uwanjani? — Mwangalifu

JIBU: Kiasi kidogo tu, cha kukufikisha hotelini na kubaki na akiba ya dharura. Mashine ya benki ndani ya ukumbi huwa na kiwango bora kuliko vibanda. Noti utakazopata zitakuwa kubwa, kwa hiyo nunua maji zivunjike kabla hujafika kwenye basi au teksi.

SWALI: Na siku ya kurudi, nitumie njia ileile? — Mgeni wa Ndege, tena

JIBU: Kama ndege ni ya mchana, ndiyo. Ndege ya alfajiri ni mtihani mwingine, kwa sababu treni ya kwanza inaweza kuondoka wakati ulitakiwa uwe kaunta. Tazama saa ya treni ya kwanza siku unayofika, si usiku wa kuamkia safari. Kama haifai, waombe mapokezi wakuwekee teksi jioni yake na wakuandikie bei kwenye karatasi. Ukitumia basi la kuchangia, jiandae kuchukuliwa saa nne au zaidi kabla ya ndege, maana linawakusanya na wengine njiani. Na hakikisha tena jengo la kuondokea, kwa kuwa si lazima liwe lile uliloshukia. Mwambie dereva kabla hajafika kwenye njia panda ya uwanja.